Rutshuru, Mita 1,285: Historia ya Waliowatazama Vyura na Kinyonga wa Kivu

Huko Ubelgiji, ndani ya chupa za spiriti zilizopangwa kwenye makabati, wamo vyura, mijusi, nyoka na kinyonga waliochukuliwa kaskazini mwa Goma, mashariki mwa Kongo, zaidi ya miaka 90 iliyopita. Rangi zao zimekwisha. Chura aliyekuwa kijani kibichi sasa ana rangi ya majani makavu, na kinyonga aliyekuwa akibadilika kila dakika amebaki na weupe mmoja uliofifia. Kisichofifia ni kikaratasi kilichofungwa naye: mahali alipokamatwa, kimo cha mahali hapo kutoka usawa wa bahari, tarehe, na jina la aliyemkusanya. Rutshuru, mita 1,285. Rwindi, mita 1,000. G. F. de Witte, 1934.

Anayewapenda viumbe hawa huvithamini vikaratasi hivyo kupita miili yenyewe. Mwili unakwambia mnyama alikuwaje. Kikaratasi kinakwambia pa kwenda kumtafuta tena, na karibu kila jambo kubwa lililogunduliwa juu ya reptilia na amfibia wa Kivu limetokana na mtu kurudi pale ambapo mwingine alikwisha kufika.

Wenyeji wa milima hii waliwajua mapema, tena kwa ukaribu ambao hakuna mgeni aliyeupata. Mkata mianzi wa mlima Mikeno alijua nyoka wa kijani ajikunjaye kwenye matawi kabla hajaandikwa popote. Mvuvi wa ziwani alijua maji yenye mamba na maji yasiyo nao, kwa kuwa uhai wake ulitegemea kujua hivyo. Kinyonga aliogopwa, na bado anaogopwa: mtoto anakatazwa kumgusa, na mkulima akimkuta kwenye kichaka cha kando ya shamba hupita mbali. Ujuzi huo ulikaa vichwani na vinywani mwa watu, na sehemu yake imepotea na wenyewe.

Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alianza safari Pangani mwishoni mwa 1893 akiwa na wapagazi wa pwani, akavuka Rwanda, na mwezi Juni 1894 akaliona Ziwa Kivu na kupanda volkeno ya Nyiragongo. Kwa Wazungu, huo ndio mwanzo wa eneo hili kuingia kwenye ramani. Lakini kwa historia yetu safari iliyozaa zaidi ni ile ya Mwanamfalme Adolf Friedrich wa Mecklenburg, mwaka 1907 na 1908. Yeye alikuja na wataalamu: wa mimea, wa miamba, wa wanyama. Msafara ulipita Rwanda, ukafika Kivu, ukazunguka volkeno, ukashuka bonde la Rutshuru hadi Ziwa Edward na kuendelea kwenye misitu ya Ituri. Reptilia waliokusanywa walipelekwa Ujerumani, na mwaka 1912 Richard Sternfeld akawaeleza kitaalamu. Kinyonga mmoja mwembamba wa msituni alimpa jina la mwanamfalme huyo, adolfifriderici, na kundi zima la mijusi wa misitu akaliita Adolfus. Ndivyo ilivyokuwa siku hizo. Aliyeongoza msafara alibaki ndani ya jina la mjusi. Aliyemshika mjusi kwa mkono wake hakuandikwa.

Jina hilo la Adolfus litarudi mbele, likiwa na mgeni ambaye Sternfeld hakumtazamia.

Tarehe 21 Aprili 1925 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Albert, ambayo leo ni Virunga. Chanzo chake kilikuwa sokwe wa milimani. Mmarekani Carl Akeley, aliyekuja kuwaua kwa ajili ya makumbusho ya New York, aliondoka akiwa mtetezi wao, na mwaka 1926 alirudi, akafia Kabara, kwenye bega la Mikeno. Lakini ardhi inayomlinda sokwe humlinda pia chura anayelala chini ya jani alilokanyaga. Miaka minane baada ya hifadhi kuanzishwa, akatokea mtu aliyelitilia maanani jambo hilo.

Gaston-François de Witte alizaliwa 1897 na alikuwa mtaalamu wa reptilia na amfibia. Mwaka 1933 alikabidhiwa msafara wa kwanza wa kuichunguza hifadhi hiyo kisayansi, naye akaifanya kazi hiyo hadi 1935. Hakupita njiani tu kama misafara iliyomtangulia. Alikaa. Alikusanya wadudu, mimea, konokono, samaki, kila kilichokuwa na uhai, kiasi kwamba wataalamu wengine waliendelea kuandika vitabu juu ya mkusanyo wake kwa miaka mingi. Hata hivyo moyo wake ulikuwa kwa vyura na nyoka.

Yafaa kuzitazama sehemu alizosimama. Rwindi, kwenye nyika ya joto kusini mwa Ziwa Edward, penye viboko na nyati. Rutshuru, mita 285 juu yake. Kibati, chini ya Nyiragongo, mahali ambapo mtu wa Goma hupita akielekea kaskazini. Burunga, kwenye ukingo wa magharibi karibu na maziwa ya Mokoto. Msitu wa Kamatembe. Sake, penye ghuba ya Ziwa Kivu. Kutoka nyikani hadi kwenye ukanda wa mianzi na juu zaidi penye ukungu na baridi ya usiku, eneo hili dogo lina ngazi nyingi za hali ya hewa, na kila ngazi ina wanyama wake. De Witte aliandika kimo kila mara. Kwa mnyama ambaye joto la mwili wake hutoka nje, kimo ni habari kubwa: kinakwambia usiku wake una baridi kiasi gani, anaweza kuota jua saa ngapi, na mayai yake yatachukua muda gani kuiva.

Kinyonga wanalionyesha jambo hili vizuri sana. Yule mwenye pembe 3 ambaye George Albert Boulenger wa London alimwita johnstoni mwaka 1901 hutaga mayai ardhini, nayo hukaa humo miezi kadhaa. Lakini wapo kinyonga wadogo wasio na pembe, rudis na ellioti, wanaoonekana kwenye vichaka vya kando ya njia na mashambani. Mama wa aina hizi hatagi. Hubeba mayai tumboni, hupanda juu ya kichaka asubuhi kutafuta jua, hushuka jioni, na watoto hutoka wakiwa hai, kila mmoja ndani ya utando mwepesi anaoupasua kwa miguu yake. Udongo wa milimani ni wa baridi mno kulelea mayai; mama anayeweza kuhama kutoka kivulini kwenda juani analelea vizuri zaidi. Nyoka wa kijani wa mianzi na mafunjo, aitwaye Atheris nitschei, naye huzaa watoto hai. Anayewaogopa viumbe hawa bila kuwatazama amejinyima mengi.

Vyura walihitaji kazi ya usiku. Chura wa mitini hujificha mchana kwenye kikunjo cha jani, lakini giza likiingia kila dume hupaza sauti yake, na kila aina ina sauti yake ambayo jike wake huitambua katikati ya makelele ya kinamasi kizima. Mkusanyaji huenda kwa masikio kwanza, taa baadaye. Katika milima ya Kivu wapo Leptopelis kivuensis na Leptopelis karissimbensis, mmoja akiwa na jina la ziwa na mwingine la mlima, wote wawili wameelezwa Berlin mwaka 1929. Yupo pia Hyperolius castaneus, chura mdogo wa matete ambaye rangi zake hutofautiana mno, hata mgeni hudhani ameona aina kadhaa. Na wapo Arthroleptis, vyura wa takataka za msituni, ambao hawapitii hali ya kiluwiluwi kabisa: yai hutagwa kwenye udongo wenye unyevu na chura kamili mdogo sana hutoka ndani yake. Kwa eneo la Goma na viunga vyake jambo hili lina maana ya pekee. Lava changa ina matundu na nyufa nyingi, maji ya mvua huzama ndani yake mara moja, na vijito ni haba. Amfibia asiyehitaji dimbwi ana nafasi ambapo mwingine hana.

Kitabu cha de Witte juu ya amfibia na reptilia wa msafara huo kilitoka Brussels mwaka 1941, mji ukiwa chini ya jeshi la Hitler. Kufikia hapo sehemu ya nchi aliyoieleza ilikuwa imebadilika. Januari 1938 volkeno ya Nyamuragira ililipuka ubavuni, na lava ikatiririka kwa zaidi ya miaka 2, ikachoma msitu uliokuwa njiani hadi ikaingia Ziwa Kivu upande wa Sake. Basi kitabu kilimwonyesha msomaji wa 1941 milima kama ilivyokuwa kabla ya moto ule. Mahali palipofunikwa na mwamba mpya hapakuwa tena na chura wa kutafutwa, na hatapatikana mpaka kuvu, ukoka na majani vitengeneze udongo upya. Nyiragongo ilifanya vivyo hivyo tarehe 10 Januari 1977, tena 17 Januari 2002 lava ilipokata katikati ya Goma hadi ziwani, na tena 22 Mei 2021. Wanyama wa hapa wameishi na volkeno muda mrefu kutushinda, na sura ya mtawanyiko wao, huyu yuko kilima hiki na kile hayuko, kwa sehemu imechorwa na lava.

Kuna fumbo moja la eneo hili ambalo lilisumbua vichwa vya watu wengi, nalo ni la mamba.

Ziwa Kivu halina mamba. Mtu wa Goma huoga ufukweni bila kuwaza, na watoto huchota maji bila mlinzi. Hilo linaelezeka: ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, volkeno za Virunga zililiziba upande wa kaskazini ambako maji yake yalikuwa yakielekea, likajaa, likatafuta njia ya kusini kupitia Ruzizi. Mto huo hushuka kwa makorongo na maporomoko kuelekea Tanganyika, ambako mamba ni wengi, na mamba wa chini hawakupanda. Lakini Ziwa Edward? Lina joto, samaki tele, viboko wengi, fukwe za mchanga zinazofaa kutagia. Linatoa maji kwa mto Semliki, unaoingia Ziwa Albert lenye mamba wakubwa. Hata hivyo wasafiri wote wa mwanzo wa karne ya 20 walikuta jambo lile lile: Edward haina mamba. Wavuvi waliingia majini hadi kiunoni wakivuta nyavu zao.

Halafu ardhi ikaanza kusema vingine. Upande wa Uganda, kwenye fukwe za Ziwa Albert, mwanajiolojia E. J. Wayland alikusanya visukuku katika tabaka za Kaiso, na mwaka 1926 W. E. Swinton akaeleza mifupa ya mamba na ya kobe wa majini iliyotoka humo. Mwaka 1935 na 1936 Hubert Damas, Mbelgiji aliyekuja kuyapima maziwa ya Kivu, Edward na Ndalaga, aliokota vitu vya kale Ishango, pale Semliki inapotoka ziwani. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin akachimba hapo. Dunia inaikumbuka Ishango kwa kile kipande cha mfupa chenye mistari iliyochongwa kwa makundi, ambacho wengi hukiona kama ushahidi wa kuhesabu zaidi ya miaka 20,000 iliyopita. Lakini katika takataka za wavuvi wale wa kale mlikuwa pia na historia ya ziwa lenyewe: samaki, viboko, chusa za mfupa. Na mabaki ya kale kando ya Edward yalionyesha kuwa mamba walikuwapo humo zamani, wakatoweka.

De Heinzelin aliipenda nchi hiyo kiasi cha kurudi uzeeni. Katika miaka ya 1980 msafara wa Semliki ulioongozwa na Mmarekani Noel Boaz ulichimba tabaka za Lusso zenye umri wa miaka milioni 2 na zaidi kidogo, na mwaka 1990 Peter Meylan akachapisha maelezo ya kobe wa visukuku waliotoka huko juu ya Semliki. Ni furaha ya pekee kumfahamu kobe kwa vipande vya gamba lake. Gamba la kobe ni mifupa iliyoungana kwa mishono yenye mpangilio maalumu kwa kila ukoo, na wale wenye gamba laini wana nakshi ya vishimo juu ya mfupa ambayo haifanani na ya mnyama mwingine. Kipande kinachotosha kiganja kinaweza kumtaja mwenyewe. Kobe wa majini akiwa tele katika tabaka, unajua palikuwa na maji ya kudumu. Na mamba akiwa pamoja naye, unajua maji yalikuwa ya joto.

Kwa nini basi mamba wa Edward walitoweka? Wengine walitaja milipuko ya volkeno iliyomwaga majivu ziwani, wengine ukame uliolipunguza ziwa. Na kwa nini hawakurudi kutoka Albert? Ilisemwa kwamba Semliki ina maporomoko yaliyozungukwa na msitu mzito, na mamba, ambaye nchi kavu hupita kwa kusitasita, hakuvuka kivuli kile. Fumbo likaachwa hapo kwa muda.

Turudi kwa nyoka, maana kwao mapenzi haya yana hatari. Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang na James Chapin walikusanya kaskazini-mashariki mwa Kongo kwa ajili ya makumbusho ya New York, na reptilia wao walimwangukia kijana Karl Patterson Schmidt. Maandishi yake ya 1919 na 1923 juu ya kobe, mamba, mijusi na nyoka wa Kongo bado hufunguliwa. Schmidt alizeeka akiwa bingwa wa Chicago. Septemba 1957 aliletewa nyoka mchanga atambuliwe. Alikuwa Dispholidus typus, nyoka wa mitini ambaye savana za Kongo zinamjua. Akamshika, akaumwa na jino moja kwenye kidole gumba. Aliona dozi ni ndogo. Akaandika kwa utulivu kila dalili: kichefuchefu, baridi, damu kwenye fizi. Siku iliyofuata alifariki. Sumu ya nyoka huyu huvuruga kuganda kwa damu, na hufanya hivyo polepole, mtu akijiona amepona.

De Witte aliishi hadi 1980. Mwaka 1962 alitoa kitabu juu ya koo za nyoka wa Kongo na Ruanda-Urundi, na 1965 kingine juu ya kinyonga wa Afrika ya kati. Vitabu hivyo vilikuwa vya Kifaransa na vya gharama, lakini mtu aliyevihitaji zaidi alikuwa mganga wa zahanati anayeletewa mkulima aliyeumwa. Pengo hilo lilishughulikiwa na Mkongo. Lwiro, karibu na Bukavu, kuna kituo kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, ambacho leo ni kituo cha taifa cha utafiti wa sayansi asilia. Chifundera Kusamba, mtafiti wa Lwiro, mwaka 1990 alichapisha maelezo juu ya nyoka wa nchi yake na maumo yao. Kwa maoni yangu kazi hiyo ni hatua kubwa kuliko majina mapya mengi, kwa kuwa ilileta elimu ya makabati hadi mlangoni kwa mgonjwa.

Enzi za IRSAC zilikuwa pia enzi za Raymond Laurent. Mbelgiji huyu, aliyezaliwa 1917, alikuwa na jicho kali kwa vyura kuliko yeyote aliyemtangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alieleza wanyama wa ajabu kutoka milima ya Itombwe, kusini mwa Bukavu, wengine wakiletwa na mwenzake Narcisse Leleup: Chrysobatrachus cupreonitens, chura mdogo wa nyasi za juu mwenye mng'ao wa dhahabu na shaba; Callixalus pictus, aliyepakwa madoa, anayependa mianzi; na chura mdogo wa ukoo wa vyura wa nchi kavu ambaye baadaye alipewa jina la Laurent mwenyewe, Laurentophryne. Uhuru ulipokuja na misukosuko yake, Laurent aliondoka, akaishia Argentina, ambako alifanya kazi hadi kufa 2005. Lakini Kivu haikumtoka. Mwaka 1972 kitabu chake juu ya amfibia wa Virunga kilichapishwa, na ndani yake akamtenga Xenopus vestitus, chura wa majini mwenye kucha, aliyekuwa akichanganywa na jamaa zake. Mwaka 1979 wenzake wengine wakamtenga wa pili kutoka maeneo haya haya ya volkeno, wakamwita Xenopus wittei, kwa heshima ya de Witte.

Wawili hao walikuwa na siri ambayo hakuna jicho lingeiona. Seli zao zina kromosomu 72, wakati Xenopus wa kawaida wa maabara ana 36. Mababu zao walichanganya damu kati ya aina na aina, na kila mara mzigo wa urithi ukajumlishwa badala ya kugawanywa. Chura wa dimbwi la kando ya Virunga ana nakala 8 pale ambapo mimi na wewe tuna 2. Wanasayansi wa chembe za urithi wakaanza kuulizia madimbwi ya Kivu na ya Kigezi, upande wa Uganda, na majibu ya wapi pa kwenda yalikuwa kwenye vikaratasi.

Kisha miaka ikawa migumu. Julai 1994 wakimbizi karibu milioni 1 kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache. Kipindupindu kikaua maelfu. Misitu ya kingo za hifadhi ikakatwa kwa kuni. Vita vya 1996 na 1998 vikafuata, na vikundi vya silaha visivyohesabika. Walinzi wa Virunga zaidi ya 200 wameuawa kazini. Katika hali hiyo hakuna aliyekuja na taa usiku kusikiliza vyura, na hakuna haki ya kumlaumu. Aina kadhaa za Itombwe zikaandikwa kuwa hazijaonekana kwa miongo mingi, na nje ya Kongo watu wakaanza kuuliza kama bado zipo.

Waliojibu swali hilo walikuwa Chifundera Kusamba na Mmarekani Eli Greenbaum, wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Kuanzia 2007 walitembea pamoja na wenzao wa Kivu, Wandege Mastaki Muninga na Mwenebatu Aristote, kutoka nyanda za juu za Lendu hadi Kabobo. Njia waliipanga kwa majina ya vijiji ya miaka ya Laurent na de Witte. Vingine vimehama, vingine vimebadilisha jina, na kilima kikabaki. Mwaka 2008 walitoa habari mbaya: kuvu iitwayo Batrachochytrium, ambayo imeangamiza vyura wa mabara mengine, ilikuwamo kwenye ngozi za Hyperolius wa mashariki ya Kongo. Mwaka 2012 walitoa habari njema: aina 4 za vyura wa Itombwe walizozikuta tena zikiwa hai, Chrysobatrachus mwenye mng'ao wa dhahabu akiwa mmojawao. Mwaka huo huo walimtangaza kinyonga mpya wa Lendu, Kinyongia gyrolepis. Greenbaum alisimulia safari hizo kitabuni mwaka 2017, vizuizi vya barabarani na malaria pamoja.

Na yule mjusi wa mwanamfalme? Mwaka 2011 Greenbaum na wenzake walipima urithi wa mijusi wa Adolfus, wakaona kuwa baadhi yao hawakustahili kuwa kundi moja na wengine. Wakawatoa, wakawapa jina la Congolacerta. Mmojawao, kutoka Itombwe, alikuwa mgeni kabisa kwa sayansi, wakamwita Congolacerta asukului, kwa heshima ya Asukulu M'Mema, aliyefuatana na watafiti mlimani. Ilichukua miaka 99 tangu Sternfeld aandike jina la Mecklenburg, lakini mwenye kujua njia ya mlima sasa amo ndani ya jina la mjusi.

Januari 2025 Goma ilitekwa na waasi. Kazi ya msituni ilisimama mahali pengi, ingawa si pote. Laurentophryne hajapatikana tena; waliomtafuta hawakumwona, na misitu ambayo huenda anaishi bado haijapitiwa yote.

Mamba nao walirudi. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 wavuvi na walinzi wa Ziwa Edward walianza kuwaona, kwanza mmoja mmoja, kisha mara kwa mara, na njia pekee inayowafikisha humo kutoka Albert ni Semliki. Leo mvuvi wa Vitshumbi au Kyavinyonge anayavuta makokoro yake akitazama maji, jambo ambalo babu yake hakuhitaji kulifanya. Mtu aliyewaona kwa mara ya kwanza bila kujua habari za nyuma angedhani wapo humo tangu zamani. Visukuku vinaonyesha kwamba zamani walikuwapo, na maandishi ya wasafiri wa mwanzo wa karne ya 20 yanaonyesha kwamba kwa muda mrefu hawakuwapo. Kazi ya sasa ni kuandika wanapotagia, ufuko kwa ufuko, pamoja na tarehe.